Somo la Mashine: Kuifikia Injini Bila Taabu

Wanachama wetu, mara hii twavuka bahari hadi kusini ya Tanzania Bara, kwa wakulima wa korosho wa Masasi na Newala. Huenda mtu akauliza, sisi na mikarafuu yetu twahusika nini na mikorosho? Ni kweli karafuu twazichuma kwa mkono na kuzianika juani. Lakini wako kati yetu wenye mashine za kukatia majani, wenye pampu za kumwagilia vitalu, na wenye mashua zilizotiwa injini ndani. Wote hao wana shida moja na mkulima wa Newala: injini imekaa mahali ambapo mkono haufiki.

Mikorosho ya huko ina adui aitwaye ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga unaoshika maua na majani machanga. Ulitambuliwa Tanzania mwaka 1979. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ndogo na watu kuhamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao, vilichangia, lakini ukungu nao ulifanya kazi yake. Dawa iliyoenea ni unga wa salfa, unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, majani yangali na umande na upepo umetulia, ili unga ushike. Jua likipanda na upepo ukianza, salfa yapotea hewani pamoja na fedha ya mwenyewe. Basi mashine ikikataa kuwaka saa kumi na moja alfajiri, siku hiyo imekwisha, na ukungu haumngoji fundi atoke mjini.

Tuitazame mashine yenyewe. Juu pana tangi la unga. Chini yake feni na injini ndogo ya petroli, ile ya kuchanganya mafuta na oili. Chujio la hewa, plagi na kabureta katika mashine nyingi vimebanana kati ya tangi la unga na fremu ya mgongoni. Injini hiyo yavuta hewa ile ile iliyojaa salfa na vumbi la mchanga. Chujio likiziba, injini yapata petroli nyingi na hewa kidogo. Plagi yawa nyeusi na nguvu yapungua. Likitoboka ni vibaya zaidi, kwani mchanga waingia ndani na kusaga pistoni na silinda.

Kila mwenye mashine ajua kwamba chujio lasafishwa kila siku ya kazi. Mbona basi halisafishwi? Wengine husema ni uvivu, sisi hatukubali. Tazama mfuniko wake: skrubu imeshika kutu, kichwa chake kimelika, na aliyeifungua mwisho alirudisha kwa waya na kipande cha mpira wa baiskeli. Kazi ya dakika tano imekuwa ya saa nzima, tena gizani. Nani ataifanya kila siku?

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya msimu, mashine iwekwe juu ya meza yenye mwanga, ifunguliwe yote mara moja, na kila skrubu iliyolika ibadilishwe. Penye mfuniko unaofunguliwa mara kwa mara, tia nati zenye masikio, zinazokazwa kwa vidole, pamoja na washa ya springi, maana mtikisiko wa injini hulegeza. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu. Spana ya plagi ifungwe kwa kamba kwenye fremu yenyewe, isikae nyumbani kabatini. Uwe na machujio mawili: la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni na hukauka lingine likifanya kazi, la karatasi halioshwi, hupigwapigwa tu.

Lakini kuna urahisi wa hatari. Wako mafundi wanaoondoa ganda la injini wasilirudishe, wakidhani wamefungua njia. Ganda hilo ndilo linaloongoza upepo wa feni juu ya mapezi ya silinda. Likiondoka, injini yaungua. Vilevile, mnyororo mdogo au waya unaoburura chini usikatwe kwa kuwa wasumbua. Huo hupeleka ardhini umeme unaozaliwa na msuguano wa unga bombani, na unga wa salfa hushika moto. Kwa sababu hiyo pia, usitie petroli injini ikiwa moto.

Sasa turudi visiwani, kwa wenye mashua. Hapa injini ni ya dizeli, imefichwa chini ya sitaha, na mfuniko wake mara nyingi umelaliwa na magunia. Kijiti cha kupimia oili kiko upande wa ukutani. Chujio la maji ya bahari liko nyuma. Koki ya maji hayo yafikiwa kwa kulala kifudifudi. Paipu ikipasuka baharini, ni koki hiyo itakayoamua kama mtafika. Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu kitu: piga mstari wa rangi kuzunguka mfuniko, na mzigo usivuke mstari huo. Ya pili, oili chafu usihangaike kuitoa chini kwenye ngama; ivute kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti, injini ikiwa vuguvugu. Ya tatu, chujio la dizeli lihamishwe kwa paipu madhubuti hadi penye nafasi, mbali na bomba la moshi.

Anayeunda mashua mpya na akae na seremala kabla sitaha haijapigiliwa. Injini iwekwe kwanza mahali pake, mwenyewe ashuke na spana mkononi, aguse kijiti, koki, mkanda na pampu ya maji kimoja kimoja. Asipofikia, mlango wa pili ukatwe ubavuni mwa chumba cha injini, pasipo kugusa mhimili unaoshika sitaha.