Mpangaji Asiyeonekana Ndani ya Wimbi

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi nilikuwa katika giza hilo hadi mwaka huu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwetu Kiriaini kila kipande cha shamba kina kazi yake. Juu kuelekea msitu wa Aberdare ni majani chai, chini ni kahawa, na katikati tunabananisha mahindi, maharagwe na migomba. Cucu yangu ndiye peke yake bado ana mistari michache ya wimbi kando ya kijito. Msimu uliopita mvua haikukatika wakati wa kuvuna. Mahindi yetu yakaota ukungu wa rangi ya waridi yakiwa bado shambani. Tulichambua kutwa nzima, na magunia mawili tukayazika shimoni. Mama alinyamaza tu, maana karo yangu ya muhula ilikuwa imo humo. Lakini wimbi la cucu halikuguswa.

Nikamwuliza, "Cucu, hili wimbi ulilipiga dawa gani?"

Akacheka. "Dawa niitoe wapi, mjukuu wangu? Hili lina mwenyewe ndani."

Nilidhani ni mambo ya wazee. Kumbe! Nilipompelekea mwalimu wetu wa Bayolojia maneno hayo, aliniambia kuwa huenda cucu amesema kweli kuliko anavyojua mwenyewe.

Kuvu ni jamaa ya uyoga, hamira na ule ukungu wa mkate uliolala. Tumezoea kuziona kama adui. Ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa, ambao wakulima huuita CBD, huletwa na kuvu. Kutu ya majani ya kahawa pia ni kuvu. Hata hivyo, ziko kuvu nyingine ambazo huishi ndani ya majani, mashina na mizizi bila kuuguza mmea. Karibu kila mmea uliochunguzwa na wataalamu umekutwa na wapangaji wa aina hii. Mmea huwapa nyumba na chakula, nao mara nyingine hulipa kodi kwa kulinda nyumba.

Je, hulinda vipi? Kwanza, hukalia nafasi na kula chakula ambacho adui angekula. Pili, baadhi hutengeneza kemikali zinazomzuia adui kukua. Tatu, huuamsha mmea wenyewe ujiandae kabla ya vita. Nne, ziko kama Trikoderma ambazo humzingira kuvu adui na kumla. Trikoderma huuzwa hapa Kenya kama dawa ya kilimo.

Sasa turudi kwa wimbi. Wimbi ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na limelimwa huku kwa maelfu ya miaka. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph huko Kanada walitangaza kuwa ndani ya wimbi walipata kuvu ya jamii ya Foma. Kuvu hiyo hutoa kemikali zinazozuia Fusariamu, ambayo ni kuvu inayoozesha mahindi na ngano na kuacha sumu ndani ya nafaka. Mwaka wa 2016 walieleza pia juu ya bakteria wa mizizi ya wimbi wanaojipanga kama ukuta na kumnasa adui huyo huyo.

Hapa nyumbani nako kazi inaendelea. Katika kituo cha icipe, Kasarani, Nairobi, watafiti walitia kuvu za namna hii ndani ya vitunguu. Mwaka wa 2014 walionyesha kwamba baadhi yazo hupunguza wadudu waitwao thripsi, na mwaka wa 2018 wakaonyesha kuwa moja yazo huzuia pia kuongezeka kwa virusi ambavyo thripsi huvibeba.

Unaweza kuuliza, mtu humpataje mpangaji asiyeonekana? Jani huoshwa, kisha hutumbukizwa kwa muda mfupi katika spiriti na dawa ya kung'arishia nguo ili vijidudu vya nje vife. Husuuzwa kwa maji safi, hukatwa vipande vidogo na kuwekwa juu ya agari. Baada ya siku kadhaa, kuvu ya ndani huchungulia pale palipokatwa. Halafu huwekwa katika sahani moja na kuvu ya ugonjwa. Kukibaki nafasi tupu katikati yao, basi kuna jambo la kuchunguzwa.

Lakini tusiwe na pupa. Kushinda katika sahani si kushinda shambani, kwenye mvua na jua. Si kila mpangaji ni mwema, kwani kuna kuvu za ndani ya nyasi ambazo huwadhuru ng'ombe. Wala wimbi si malaika, lina ugonjwa wake wa blasti. Kwa hiyo asiende mtu kusaga majani na kuyamwagia mahindi! Mahindi bado yanataka kukaushwa vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5. Tukumbuke mwaka wa 2004, ambapo sumu ya kuvu kwenye mahindi iliua watu 125, wengi wao huko Makueni na Kitui.

Wenzangu, jambo linaloniuma ni hili. Mwaka huu baba anataka kung'oa lile wimbi apande miche ya kahawa. Simlaumu, kahawa ina pesa. Lakini mmea wa kienyeji ukiondoka, unaondoka na wapangaji wake kabla hatujawajua hata majina. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nimemwomba aniachie mistari miwili tu, naye amesema atafikiria. Cucu ameshanifungia mbegu kwenye kitambaa, endapo atakataa. Ninawaomba walimu wetu watupe kitalu kidogo nyuma ya maabara tuzipande hapo.