Sijui kuhubiri, mwenendo wangu unatosha?

Swali: Nauza nafaka sokoni na majirani zangu wengi si Wakristo. Sina kipaji cha kuhubiri. Je, maisha yangu ya kila siku yanaweza kumvuta mtu kwa Kristo?

Jibu: Yanaweza. Yanaweza pia kumfukuza.

Mtazame Pakomi wa Misri. Mapema karne ya 4, akiwa kijana asiye Mkristo, alichukuliwa jeshini kwa nguvu, akafungiwa Thebes pamoja na wenzake wasitoroke. Wenyeji wakawaletea chakula, wakawalisha watu wasiowajua hata kwa jina. Akauliza ni akina nani hawa. Akaambiwa: Wakristo. Alipoachiliwa akabatizwa, na baadaye akaanzisha monasteri ya watawa wanaoishi pamoja kule Tabennisi. Hata Kaisari Juliano, aliyeupinga Ukristo, alilalamika kwa barua kwamba Wakristo wanalisha na maskini wasio wao. (Sifa ya adui haina upendeleo!)

Kwako wewe mahubiri yako kwenye debe: lisiwe limebonyezwa. Deni lilipwe siku uliyoahidi. Jirani akifiwa, nenda msibani, ukae. Ila wema usiwe chambo. Watu hunusa upesi.

Lakini kumbuka, Pakomi aliuliza na kuna aliyemjibu. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unataka tuwe tayari kujibu, tena kwa upole. Kwa hiyo ukiulizwa, usinyamaze. Na kama kuna mteja uliyempunja, mrudishie pesa yake kwanza, ndipo umwalike kanisani.