Bwana Shamba wa Kasoli na Kazi Isiyo na Ujira

*Kwa Mheshimiwa Mshauri,*

*Mimi ni bwana shamba katika kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, na huu ni mwaka wa nne tangu nihitimu Chuo Kikuu cha Sokoine. Natamani kuwa mtafiti, lakini kila nafasi inayotangazwa huchukuliwa na watu wanaojulikana. Mwaka jana nilijiunga na chama cha wanasayansi wa mazao, nikalipa ada, na sasa katibu anatafuta wanachama wa kujitolea: wengine waandae mkutano mkuu, wengine wahariri jarida la habari, na mmoja ashike hazina. Mjomba wangu, aliyenisomesha kwa pamba yake, asema mtu mwenye akili hafanyi kazi ya wengine bure. Sitaki kumvunjia heshima, wala sitaki kubaki nilipo. Nifanyeje?*

*Bwana Shamba, Kasoli*

Ndugu yangu,

Nakusihi kwanza umfikishie mjomba wako salamu zangu za taadhima, kwani neno lake si la kupuuzwa: mkulima aliyepalilia pamba chini ya jua la Usukuma, akaipeleka kwenye mizani, kisha akangojea malipo yake kwa mashaka, anayo haki kamili ya kumshuku kila amwambiaye kijana kwamba kazi isiyo na ujira ina faida. Walakini ipo tofauti baina ya kumtumikia mtu bure katika mali yake na kuingia katika jamaa ya watu wa fani moja, ambayo kazi yake haina mwenyewe ila wao wote. Yatazame majarida ya kisayansi, kama lile la mazao ya Afrika litokalo Makerere tangu mwaka 1993: makala ikifika hupelekwa kwa wajuzi wa fani ile, nao kwa desturi huisoma, huipima na kuisahihisha pasipo kulipwa, na yule aliyeonekana kuwa makini katika kazi hiyo ya bure ndiye jina lake hutajwa siku wakubwa wanapoulizana ni nani wamchukue. Unalalamika kwamba nafasi huenda kwa wanaojulikana. Ni kweli, wala sitakudanganya kwamba dunia imekwisha kutengenea. Ila hukuniambia umepata kuuliza walijulikanaje.

Nikupe kisa kilicho karibu nawe kuliko unavyodhani. Mashariki yenu, katika Pori la Akiba la Maswa na Serengeti, yuko mbung'o ambaye wanasayansi humwita *Glossina swynnertoni*. Jina hilo latokana na Charles Swynnerton, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa msimamizi wa shamba huko Gazaland, upande wa Rhodesia ya Kusini, mbali na chuo chochote. Mtu huyu alikusanya ndege, wadudu na mimea, akaandika aliyoyaona, akayapeleka Uingereza kwa vyama vya wanazuoni wa viumbe: mwaka 1907 jarida la *Ibis* likachapa maelezo yake juu ya ndege wa Gazaland, na mwaka 1919 Linnean Society ya London ikachapa majaribio yake marefu juu ya maumbo na rangi za viumbe. Mwaka huo huo wa 1919 akateuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika, na baadaye akauongoza utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa Shinyanga, mkoa ambao Bariadi yenu ilikuwa ndani yake mpaka Simiyu ilipoundwa mwaka 2012. Aliishika kazi hiyo hata alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938.

Simsifu kupita kiasi. Alikuwa Mzungu katika zama za ukoloni, na mlango uliomfungukia ulikuwa umekomewa kwa Msukuma yeyote, hata kama alimjua mbung'o na pori lake kuliko yeye. Lakini angalia alitoa nini: hakujitolea kuwapangia viti wale mabwana wa London, bali aliwapa kile ambacho, kwa elimu yao yote, hawakuwa nacho, yaani macho yaliyokaa Gazaland mwaka hata mwaka.

Kwa hiyo, hazina iache. Fedha za watu ni mtihani hata kwa aliye jirani na benki na wenzake wa kamati, sembuse wewe uliye Kasoli. Maandalizi ya mkutano nayo waachie wakaao mjini, maana nauli itakula mshahara wako, na mwishowe utakumbukwa kwa kugawa chai. Shika lile jarida la habari, na umwombe katibu ukurasa wa habari za mashambani. Watafiti wa pamba wa kituo cha Ukiriguru hawawezi kuwa Kasoli kila juma. Wewe upo, nawe waweza kuandika ni juma gani funza wa vitumba walionekana, mbegu ya pamba ya UKM08 ilichipuaje katika udongo mweusi na ilichipuaje katika kichanga, na ni wakulima wangapi waling'oa na kuchoma masalia ya pamba kwa wakati, na waliochelewa walizuiwa na nini. Mjomba wako naye mhoji, uandike ayakumbukayo juu ya misimu iliyopita, jina lake ulitaje kwa idhini yake. Yamkini atakapoliona limechapwa hatasema tena kwamba unawafanyia wengine kazi.

Yako masharti. Muda uandikwe, nao usizidi mwaka mmoja kwa kuanzia. Jina lako lichapwe penye kazi yako. Katibu akikataa hilo, mshukuru kwa adabu, ulipe ada yako na ubaki mwanachama kama wengine. Mwajiri wako, yaani Mkurugenzi wa Halmashauri, apewe habari kwa barua, ili asije akasikia kwa watu kwamba bwana shamba wake ana kazi ya pili. Wala msimu wa palizi na kunyunyizia dawa usiutoe kwa mtu, kwani ukiwatupa wakulima hutakuwa na la kuandika.

Barua kwa katibu iandike sasa, kabla ya mvua za Novemba, maana watu wakishaanza kupanda hutakuwa na wasaa hata wa kutafuta kalamu.