Siku ya Kuagana Athene: Somo kwa Waendao Kusoma Ugenini

Mwezi huu twapenda kutazama pamoja nanyi, ndugu wasomaji, jambo ambalo vitabu vya historia ya Kanisa hulipita upesi: siku wanafunzi wawili walipoagana katika mji wa Athene, yapata mwaka 356. Mmoja ni Basilius, mwenyeji wa Kaisaria ya Kapadokia, mji uitwao leo Kayseri katika nchi ya Uturuki. Wa pili ni Gregorius, mwana wa askofu wa Nazianzus, katika nchi iyo hiyo. Wengi wetu twayasikia majina yao katika mafundisho ya Utatu Mtakatifu. Lakini kabla ya kuwa waalimu wa Kanisa walikuwa vijana wageni, mbali na kwao, wakijifunza elimu ya ufasaha wa maneno.

Gregorius alitangulia kufika. Alivuka bahari kutoka Iskanderia, akapatwa na dhoruba siku nyingi, naye alikuwa hajabatizwa bado, hata akaogopa mno. Basilius alipomfuata alikuta desturi ya wanafunzi wa Athene: mgeni hukamatwa na wenzake, hudhihakiwa, kisha hupelekwa hamamuni kwa makelele ya kumtisha, ndipo ahesabiwe kuwa mmoja wao. Gregorius akawasihi wenzake wasimtendee hivyo, nao wakakubali. Urafiki wao ulianza hapo. Tena Basilius alipouona mji si kama alivyouwazia, akavunjika moyo, na Gregorius ndiye aliyemtuliza. Kila aliyepata kusoma mbali na kwao ajua thamani ya mtu wa namna hiyo katika majuma ya kwanza.

Wakakaa nyumba moja, wakala meza moja. Njia walizozijua mjini, asema Gregorius, zilikuwa mbili tu, ya kanisani na ya kwa waalimu. (Mwaka 355 alikuwapo Athene pia Julianus, jamaa yake Kaisari, akijifunza elimu ile ile, naye alipopata kutawala, mwaka 361, aliiacha imani ya Kikristo waziwazi. Basi, kukaa darasa moja si urafiki bado.)

Hata masomo yakaisha, wakajitengeneza kwenda kwao wote wawili. Siku ilipofika, wenzao wakawazunguka, na baadhi ya waalimu pamoja nao. Wakawakumbatia, wakalia, wakawasihi, wakasema kwamba hawatawaacha kwenda kamwe. Tusiyadharau machozi hayo. Ugenini mtu hana shangazi wala mjomba. Rafiki huwa ndiye ndugu, na kumwacha ni kama kufiwa.

Basilius alifanyaje? Aliwaeleza sababu za safari yake, moja baada ya moja. Hawakupenda, walakini walimwachilia. Gregorius hakuweza, akabaki. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba kwa sehemu kosa lilikuwa lake, kwa kulegea, na kwa sehemu ni Basilius aliyemsaliti, kwa kuwa alikubali kumwacha mikononi mwa hao waliomvuta. Akafananisha kutengwa kwao na ng'ombe wawili waliokula hori moja na kuvuta nira moja. Wakitenganishwa, kila mmoja humlilia mwenzake. Mfugaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa neno hilo.

Naye hakudumu Athene. Watu walitaka kumweka awe mwalimu wao, lakini baada ya muda si mrefu aliondoka kimya kimya. Twaona ya kuwa kwaheri ya Basilius, ijapokuwa ilionekana ngumu, ilikuwa njema kuliko hiyo. Aliyeelezwa sababu hulia akanyamaza. Aliyekimbiwa hubaki akijiuliza amekosa nini.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Walipokuwa Athene, hao wawili waliahidiana kwamba wakirudi kwao watakaa pamoja katika sala na kujifunza. Basilius alirudi, akabatizwa, akasafiri Shamu na Misri kuwatazama watawa, kisha akajitenga huko Ponto, karibu na mto Iris, akamngoja mwenzake. Gregorius akamwandikia barua na kukiri kwamba ameshindwa kuitimiza ahadi ile, si kwa kupenda kwake, bali sheria moja imeishinda nyingine. Wazazi wake walikuwa wazee, wakamhitaji. Alikwenda Ponto kumzuru, akarudi. Na baadaye akamwandikia kwa utani juu ya nyumba ile isiyo na paa wala mlango, na mikate yake iliyoyashinda meno.

Hapa ndipo twataka waalimu na wazee wa sharika watulie kidogo. Kijana aliye ng'ambo hutoa ahadi jioni ya mwisho, moyo ukiwa umejaa: nitarudi mwakani, tutafanya kazi pamoja, sitakaa mwezi bila kuandika. Hasemi uongo. Ila anaahidi kana kwamba maisha yake ni yake peke yake, na huku nyumbani yuko mama mgonjwa, wako wadogo wa kusomeshwa, liko shamba. Na sisi tuliobaki twamwona amerudi mwenye huzuni, twasema amepata kiburi cha ng'ambo. Huenda anaomboleza tu watu ambao hatuwajui, na hakuna aliyemwuliza hata majina yao.

Ahadi isiyotimizwa huacha kovu. Basilius akawa askofu wa Kaisaria mwaka 370, na mwaka 372 akamweka Gregorius kuwa askofu wa Sasima, mji mdogo wa njia panda, wenye vumbi na ugomvi, kwa sababu alihitaji watu wake mahali pale. Gregorius aliona ametumiwa kama chombo, akamlaumu kwa jina la urafiki wa Athene. Basilius alikufa mwanzo wa mwaka 379, na jeraha lile halikupona kabisa. Walakini yapata miaka mitatu baadaye Gregorius alisimama Kaisaria kumsifu mbele ya watu, na katika hotuba hiyo ndimo alimohadithia siku ile ya kuagana, pamoja na ng'ombe wale wawili. Hakuificha lawama yake, wala upendo wake.

Katika darasa la juma hili someni pia Matendo ya Mitume, mlango wa 20, tangu mstari wa 36 hata mwisho, mtazame jinsi Paulo alivyowaambia wazee wa Efeso neno gumu kabla hajapanda merikebu. Kisha, kama yuko kijana kwenu anayejiandaa kwa safari ya masomo, mwulizeni ni nani nyumbani atakayeguswa na kila ahadi atakayoitoa huko. Na kama yuko aliyerudi, mpeni nafasi awataje rafiki zake kwa majina.