SOMO LETU: KIUNO CHA MAMA ALIYEJIFUNGUA

Tunapotembelea vikundi, akina mama hutuambia: "Tangu nijifungue, siwezi kuinuka bila kushika ukuta." Wengine huambiwa ni wavivu. Huo si uvivu. Basi leo tujifunze pamoja.

Kwa nini kiuno kinauma?

Wakati wa mimba, viungo vya nyonga hulegea ili mtoto apate njia, na misuli ya tumbo hutanuka. Baada ya kuzaa huchukua miezi kadhaa kurudisha nguvu. Mama akikimbilia mtungi wa lita 20, hizo ni kilo 20 juu ya mgongo ambao bado haujakaza. Lakini kulala tu kutwa nako hakufai, maana misuli huzidi kudhoofika. Kinachosaidia ni mazoezi mepesi ya kila siku.

Mazoezi matatu

Tandika mkeka. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini.

1. Kaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo. Hesabu hadi 5 huku ukipumua, kisha legeza. Rudia mara 10. Hili waweza kulifanya hata ukiwa umeketi.

2. Vuta kitovu ndani polepole na ubonyeze kiuno kwenye mkeka. Hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10.

3. Ukishazoea hilo la pili, inua makalio kidogo, hesabu hadi 3, shusha polepole. Anza na mara 5.

Fanya asubuhi na jioni. Zoezi likizidisha maumivu, liache. Aliyejifungua kwa upasuaji aulize kliniki kwanza.

Nyumbani

Ukinyonyesha, egemea ukuta na umlete mtoto kwenye titi, usimwinamie. Ukiokota kitu, kunja magoti. Kwa wiki 6 za kwanza usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Na maji je? Hapo ndipo baba, mama mkwe na kikundi wanapohitajika. Mazoezi ya asubuhi hayafai kitu ikiwa mchana mama anapanda mlima na mtungi.

Usingoje

Nenda hospitali upesi ukiwa na homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya, miguu iliyokufa ganzi, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo. Mkojo ukivuja mchana na usiku baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula. Si laana, wala si aibu. Hutibiwa kwa upasuaji.

Maswali ya kujadiliana

1. Hapa kwetu, mama hurudi kuchota maji siku ngapi baada ya kujifungua? Nani huamua?

2. Kuna mama anayeumwa na kunyamaza? Anaogopa nini?

3. Nani amejifungua karibuni katika kikundi chetu? Wiki hii, nani atamchotea maji? Andikeni majina na siku kabla hamjaachana.