Bibi Alipokakamaa Mbele ya Kamera



Mpendwa kijana mwenzangu, leo nataka tujifunze kitu kupitia kazi ninayoifanya, kazi ya kupiga picha. Sina studio. Nina kamera moja ya mtumba na simu yangu, na wateja wangu wengi ni wa harusi, Kipaimara na Komunyo ya Kwanza. Lakini somo la leo nilifundishwa na bibi mmoja wa hapa Nakapanya, wilayani Tunduru. Yeye hakunilipa hata shilingi, na bado naona mimi ndiye ninayedaiwa.

Jumuiya yetu iliamua kila mzee apigwe picha moja nzuri, isafishwe na kuwekwa kwenye fremu. Si unajua hali ilivyo kwetu? Mtu akishafariki ndipo watu wanaanza kuhangaika kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Mwishowe inapatikana ile ya kitambulisho, inakuzwa mpaka sura inakuwa kama ukungu. Mume wa bibi huyu alizikwa bila picha kabisa. Wajukuu wadogo hawajui babu yao alifananaje. Bibi hakutaka hilo lijirudie.

Basi, nikaenda. Nilifika saa saba mchana, jua likiwa utosini. Bibi alikuwa amejiandaa tangu asubuhi: kitenge kipya, kilemba, rozari shingoni. Tukasalimiana, tukataniana kidogo, akaniita mume wake kama bibi zetu wanavyofanya, tukacheka. Nikamsimamisha ukutani, nikainua kamera.

Jamani, pale pale bibi akapotea! Mabega yakapanda, macho yakatoka, mdomo ukabana, mikono ikanyooka kama ya askari kwenye gwaride. Nikamwambia, "Bibi, cheka kidogo." Akabana zaidi. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Akaziba pumzi. Nilipiga picha zaidi ya ishirini, na zote zilikuwa za mama mmoja nisiyemjua, kama vile amesimama mbele ya hakimu.

Mwisho akakaa chini, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, niache tu. Sura yangu hii haitaki picha. Nitazikwa hivyo hivyo kama babu yako."

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Maneno yale yaliniuma, kwa sababu nilijua kosa si la sura yake.

Kwa nini mtu anakakamaa?

Kwanza, kwa wazee wetu wengi picha ni jambo la heshima. Zamani ulikuwa unasafiri mpaka mjini, unavaa vizuri, unaketi wima, mikono juu ya magoti. Hapo hakuna kuchekacheka. Kwa hiyo kusimama wima si ushamba, ni adabu.

Pili, mtu akiona kamera anahisi anapimwa. Anaanza kujitazama mwenyewe kwa macho ya watu: meno yangu je, makunyanzi je, watasema nini? Akishaanza kujilinda, sura inafungwa kama duka.

Hata watakatifu yaliwapata. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni, alipigwa picha nyingi na dada yake Celine, aliyeingia utawani huko Lisieux, Ufaransa, mwaka 1894 akiwa na kamera yake. Kamera za wakati ule zilimtaka mtu atulie sekunde kadhaa bila kutikisika. Hebu jaribu kutabasamu sekunde zote hizo uone! Uso unakuwa kama wa sanamu. Celine akaona picha hazimwonyeshi dada yake kama alivyomfahamu, kwa hiyo akachora na kurekebisha sura. Teresia alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, na kwa miaka mingi watu walijua zaidi zile sura zilizorekebishwa. Picha halisi zilichapishwa mwaka 1961. Wengi walishangaa kukuta uso wenye nguvu kuliko ule uliopambwa. Mimi najifunza hivi: hata anayekupenda anaweza kujaribiwa kukutengeneza, wakati sura yako ya kweli ndiyo nzuri.

Siku ya pili

Nikarudi baada ya wiki, safari hii saa kumi jioni. Kamera niliiacha kwenye begi. Bibi alikuwa chini ya mkorosho wake, anachambua korosho. Nikamwamkia, nikaketi, nikaanza kumsaidia. Kijana unayependa kupiga picha, zingatia haya niliyoyafanya:

1. Nilimwacha akae mahali pake, kivulini, uso wake ukielekea upande wenye mwanga. Jua la mchana linamfanya mtu akunje uso, halafu unamlaumu kwamba hatabasamu.

2. Mikono yake ilikuwa na kazi. Mtu asiyejua aweke wapi mikono hukakamaa mwili mzima.

3. Nilikaa chini, usawa wa macho yake, kama mita mbili hivi kutoka kwake. Ukimsogelea sana na simu, pua inakuwa kubwa, na yeye anahisi umemvamia.

4. Nilimwomba ruhusa tena. Nikamwambia, "Bibi, tutaongea tu. Nitapiga katikati ya maongezi. Usipoipenda naifuta." Sikuhesabu moja, mbili, tatu.

5. Nilimwonyesha picha za mwanzo mapema. Akacheka, akasema, "Kumbe siyo mbaya!" Kisha akaniambia siri: anabana mdomo kwa sababu meno ya mbele yameisha. Wiki nzima mimi nilikuwa namlazimisha afungue pale pale anapoona aibu! Nikamwomba msamaha. Kuanzia hapo sikumwambia acheke tena.

Nikamuuliza kuhusu babu. Akanisimulia walivyolima pamoja, walivyotembea kwa miguu kwenda Misa wakiwa na mtoto mgongoni. Kisha akanyamaza, akashusha pumzi, akanitazama. Mdomo umefungwa, mabega yametulia, macho yamejaa maji kidogo lakini hayana huzuni. Nikabonyeza mara moja tu.

Ndiyo picha iliyoko ukutani kwake leo. Hacheki ndani yake. Lakini mjukuu wake mdogo alipoiona alisema, "Huyu ndiye bibi kabisa."

Na sisi je, mbele za Mungu?

Nilipokuwa narudi nyumbani nikajiuliza: mimi nikisali, si huwa nakakamaa vile vile? Naingia kanisani na sura ya Jumapili. Nachagua maneno mazuri. Meno yaliyotoka nayaficha: hasira yangu, deni langu, ile dhambi ninayoirudia. Naziba pumzi, nahesabu mpaka sala iishe, naondoka. Nimepigwa picha, ila siyo mimi niliyekuwepo.

Soma 1 Samweli 16:7. Bwana anamfundisha Samweli kwamba Yeye hatazami umbo la nje kama wanadamu, anatazama moyo. Soma pia Luka 19:1-10. Zakayo alipanda mkuyu ili amwone Yesu, lakini Yesu ndiye aliyeinua macho, akamwita kwa jina, akaenda nyumbani kwake. Hakumwambia arekebishe sura kwanza. Zakayo alibadilika baada ya kupokelewa. Na katika Marko 10:21, Yesu alimtazama yule tajiri akampenda, hata kabla hajajua atajibu nini.

Mkulima mmoja wa Ars, enzi za Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliulizwa anafanya nini muda wote mbele ya Tabernakulo. Alijibu kwa urahisi kwamba yeye anamtazama Bwana, na Bwana anamtazama yeye. Basi. Hakuna kujipanga.

Kijana, kama umeikimbia Kitubio kwa sababu unaona aibu ya kutazamwa, rudi. Unayemwendea hana haraka, hakulazimishi kucheka, na anazijua tayari sehemu unazozibana.

Zoezi la wiki hii

Kaa dakika kumi mbele ya Ekaristi au msalaba nyumbani, bila kitabu. Usitafute maneno. Shusha mabega, pumua, mwambie Yesu jambo moja unalolificha. Halafu, kama una simu yenye kamera, mtembelee mzee mmoja. Kaa naye kwanza. Picha itafuata.

*Tusali:* Ee Bwana Yesu, wewe unanitazama nami najificha. Nitulize. Nipe moyo wa kukubali kutazamwa nawe kama nilivyo, na unifundishe kuwatazama wenzangu kwa macho yako. Amina.