Mtoto Aliyechelewa Kukaa: Fiziotherapia Isisubiri

Mama anamleta kliniki mtoto wa miezi kumi ambaye bado hawezi kukaa. Nyumbani ameambiwa asiwe na wasiwasi, kwani kila mtoto ana wakati wake. Kauli hiyo ina ukweli, lakini isipowekewa mpaka humnyima mtoto miezi yenye thamani kubwa katika ukuaji wa ubongo wake.

Mpaka uko wapi?

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya hatua za mwendo vilivyotokana na watoto wenye afya wa Ghana, India, Marekani, Norwei na Omani. Watoto hao walianza kukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18. Wachache hawakutambaa kabisa, na hilo pekee si ugonjwa. Kwa mtoto njiti, umri huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Mtoto apelekwe kuchunguzwa iwapo:

- shingo haijakaza afikapo miezi 4;
- mikono hubaki imekunjwa ngumi baada ya miezi 4;
- hajaweza kukaa afikapo miezi 9;
- hutumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka;
- mwili umekakamaa au umelegea kupita kiasi;
- amepoteza uwezo aliokuwa nao. Huyu apelekwe haraka.

Kwa nini mapema?

Miongoni mwa sababu za kuchelewa huko ni mtindio wa ubongo. Huu hutokana na jeraha katika ubongo unaokua, kwa mfano baada ya mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kupata manjano kali au kuugua homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila madhara yake mwilini huongezeka: misuli iliyokakamaa hufupika, viungo hukunjamana, na nyonga huweza kuteguka polepole. Hata hivyo, ubongo wa mtoto mchanga una uwezo mkubwa wa kujifunza njia mpya, na uwezo huo hustawi kwa kutumiwa.

Si kukandwa

Wazazi wengi hudhani fiziotherapia ni kukanda na kunyoosha miguu. Kunyooshwa kwa dakika chache hakutoshi. Mtoto hujifunza kwa kujaribu mwenyewe, mara nyingi, jambo analolitaka: kufikia kikombe, kugeukia sauti ya mama, kujiinua ashike kiti. Mtaalamu huchagua zoezi linalomfaa, humweka mkao mzuri na kumfundisha mzazi.

Mzazi ndiye nguzo ya tiba. Mtoto anayehudhuria kliniki nusu saa kwa wiki hubaki na saa 167 na nusu nje ya kliniki. Mtoto ambaye miguu yake hukazana pamoja abebwe ubavuni au mgongoni, miguu ikiwa imepanuka. Alazwe kifudifudi akiwa macho, chini ya uangalizi, ili aimarishe shingo. Akae wima wakati wa kulishwa. Fundi seremala anaweza kumtengenezea kiti chenye mkanda kwa vipimo vya mtaalamu. Asifukiwe shimoni hadi kiunoni ili asimame, wala asinyooshwe kwa nguvu hadi alie.

Kwa wahudumu wa afya

Kadi ya kliniki isitumike kwa uzito na chanjo pekee. Muulize mama mtoto anafanya nini sasa, kisha mtazame mtoto akicheza. Ukiona dalili, toa rufaa bila kusubiri jina la ugonjwa lithibitishwe, kwa kuwa mazoezi yanaweza kuanza wakati uchunguzi ukiendelea.

Mzazi aambiwe ukweli: si kila mtoto atatembea. Lakini kukaa, kula bila kupaliwa, kushika kalamu na kwenda shule ni mafanikio yanayobadilisha maisha ya familia nzima, na maandalizi yake huanza katika miezi hii ambayo wengi huitumia kusubiri.